Utepe wa Kijani

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Chiriku alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu: kujaribu viti. Baba yake alikuwa fundi katika karakana ya chama kinachowasaidia watu wenye ulemavu. Viti vya magurudumu vilifika pale vikiwa hoi, vikaondoka vikiwa vizima. Jina la Chiriku alibandikwa na shangazi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Alikaa katika kila kiti, akazunguka ua mara tatu, akapanda kijilima cha saruji mlangoni, akafunga breki na kuachia mikono. Kiti kikitulia, alikifungia utepe wa kijani kwenye mpini. Chenye utepe hakikuulizwa tena; Shangazi, mgawaji wa chama, alikichukua na kumpelekea mwenyewe.

Jumamosi hiyo viti vilikuwa vinne. Alipomaliza cha tatu, wenzake walikuwa wameshajaa langoni na kamba ya kuruka.

"Chiriku, leo umegeuka kobe?" mmoja alimtania.

Baba alikuwa ameinamia gurudumu, amempa mgongo. Chiriku alikitupia jicho kiti cha nne. Kiling'aa kama sahani mpya. Akakifunga utepe, huyoo, akatoka mbio.

Kiti hicho kilikuwa cha Mama Sindano, mshonaji wa sare za shule. Tangu kile cha zamani kivunjike, miezi miwili sasa, alikuwa akishonea ndani na kuisikia mitaa kwa masikio tu. Shangazi alikipeleka mchana uleule.

Muda si mrefu baadaye, Baba alipofagia chini ya meza yake, alimwita binti yake. Kiganjani alikuwa na nati ndogo ya breki. Alitaka kujua ni kiti gani ambacho breki yake ilimsumbua Chiriku alipokijaribu. Chiriku angeweza kusema hajui, na ile nati ingetupwa koponi pamoja na nyingine. Lakini nyumba ya Mama Sindano aliijua: ilikaa juu ya mteremko, na chini yake ilipita barabara ya malori.

"Baba," alisema, "cha nne sikukikalia. Nilikifunga utepe tu."

Baba hakugomba. Alichukua spana, akavuta baiskeli. "Panda," alisema, na neno hilo moja lilimuuma Chiriku kuliko kofi.

Walipokata kona, waliona kiti kinashuka peke yake, kimebeba furushi la sare. Kiligonga jiwe, kikapinduka mtaroni, hatua chache tu kabla ya barabara. Chiriku alipandisha macho haraka. Mama Sindano alikuwa bado mlangoni, juu ya kigoda. Alikuwa ametanguliza mzigo, na Shangazi ndiyo kwanza alikuwa anainama kumnyanyua.

"Fundi," Mama Sindano alisema, akikitazama kiti kule mtaroni, "kiti chako kina haraka kuliko mimi."

Chiriku alipanda mteremko mpaka mbele yake, akaeleza yote bila kuitaja kamba wala wenzake.

Baba alikikokota kiti juu, akaikaza nati. Safari hii Chiriku alikikalia palepale penye mteremko, akafunga breki, akaachia mikono, Baba akiwa amesimama chini yake tayari kumdaka. Mara tatu. Kisha aliomba sabuni na beseni, akafua sare zilizojaa matope, moja baada ya moja, mpaka vidole vikakunjamana. Wenzake walipita na kamba yao, hakuinua uso.

Alipoanika ya mwisho, Mama Sindano alimwita.

"Umekikalia kweli?"

"Nimekikalia, mama. Mara tatu."

Ndipo mshonaji akakubali kunyanyuliwa. Alijiweka sawa, akashika magurudumu, akaitazama mitaa kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alisema, "mimi sijui nati wala spana. Niliona utepe, nikaamini. Anayesaidiwa hukalia kwanza uaminifu wa mtu, ndipo akalie kiti. Kazi ya kumsaidia mwenzako ukiifanya nusu, bora umwambie bado, angojee. Kungoja nimezoea. Kuanguka kule chini kusingenipa nafasi ya kuzoea."

Chiriku akaufungua ule utepe uliochafuka, akaufua pia, akaurudisha mpinini ukiwa bado unachuruzika maji.