Umeniunguza, Utaniuguza

Mfuko ulikuwa umelowa.

Ngoné aliuminya, akanusa vidole, akautupa kitandani kama aliyeshika chura. Kitu kilichokuwa ndani alikuwa amekiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, akakisuuza mpaka utelezi ukaisha, akakianika juu ya kitambaa safi kikakauka chenyewe, ndipo akakitia peke yake kwenye mfuko wake wa pamba, chini kabisa ya sanduku la nguo. Jana usiku kilikuwa kikavu. Sasa mfuko ulichuruzika, na ulinuka maziwa yaliyochacha na ngozi iliyoungua.

Mumewe, Elimane, alikuwa Hispania akichuma matunda kwenye mashamba ya watu, na hapo nyumbani Rufisque alimwacha Ngoné na mama mkwe wake, Yaye Dior, yaani Mama Dior, ajuza mwenye masikio ya paka. Mambo kama haya hayakuwa na mtu wa kuulizwa isipokuwa Arame, aliyemuuzia.

Arame alikuwa na kibanda sokoni. Mbele aliuza uvumba, shanga za kiunoni na shuka fupi zenye vitundu. Nyuma ya pazia aliuza vile wanawake walivyovitaja kwa kukonyezana macho.

"Umekipaka mafuta gani, shoga?" aliuliza, vidole vikitunga shanga.

"Yale ya majimaji uliyonipa."

"Siyo ya silikoni? Maana mume wako wa mpira naye ni silikoni. Hulana hao, kitu kikaanza kunata."

"Nimesema ya majimaji."

"Na hujamwazima mtu?"

"Arame! Nani anaazima kitu hicho?"

"Wapo, tena wake za watu, watu wazima kabisa. Baadaye wanakuja hapa wanajikuna, wananilaumu mimi."

Ngoné hakucheka. "Mara ya mwisho nilikichemsha."

"Vizuri. Hakina mota, hakina betri, kinachemka bila neno. Ila kiwe na sufuria yake."

"Kina yake. Nilingoja Yaye Dior aende kuswali magharibi, nikakichemsha upesi, maji nikayamwaga uani."

Vidole vya Arame vilisimama. "Yakiwa ya moto?"

"Yakitokota."

"Mchangani? Magharibi? Ulisema bismillahi? Uliwaambia majini wapishe?"

Ngoné alitikisa kichwa.

"Mimi nilikufundisha kuosha," Arame alinong'ona, akatazama nyuma yake. "Kumwaga nilidhani ulifundishwa na mama yako."

Alimfungia uvumba kwenye karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumsindikiza hata hatua moja.

Adhuhuri ile, baada ya wali na samaki, nyumba nzima ikilala, Ngoné alisikia mvumo. Ulitoka sandukuni, mzito, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya mtungi. Alijiambia ni friji. Lakini friji ilikuwa jikoni, na kitu kile hakikuwa na chochote ndani yake cha kuvuma, naye alilijua hilo, akainuka hivyo hivyo, akafungua sanduku, akatoa nguo moja moja mpaka akaufikia mfuko, akaufungua, na ule mpira laini aliouosha kwa mikono yake ulikuwa umetoka malengelenge, makubwa, yenye maji, kama mwili wa mtu aliyemwagiwa chungu cha moto, na pale alipougusa ulijikunja kwa maumivu.

Alikizungushia gazeti pamoja na mfuko wake, akakitupa kwenye gari la taka lililokuwa likipita barabarani. Alilisubiri mpaka likakata kona.

Aliporudi chumbani, mfuko ulikuwa juu ya mto wake. Godoro likabonyea upande wa Elimane, taratibu, kama mtu mzito anayejilaza akiwa na kidonda.

"Umeniunguza," sauti ilisema sikioni mwake, na pumzi yake ilikuwa ya moto. "Utaniuguza."

Tangu siku hiyo hakulala peke yake. Elimane alipopiga simu, koo lilimziba akatoa mkoromo tu, na mume akakata akisema mtandao mbovu. Kifuani na mapajani aliamka na alama nyekundu za vidole virefu kuliko vya binadamu. Yaye Dior naye alikuwa amesikia. Alimngoja kwenye kizingiti, mkono kiunoni.

"Ni nani anakohoa chumbani mwako, na mwanangu yuko Hispania?"

"Hakuna mtu, Yaye."

"Mimi siyo mjinga, we mwanamke. Mtoe nimwone!"

Alimsukuma kando, akaingia, akafunua shuka. Kitanda kilikuwa kitupu. Ajuza alicheka kwa dharau, akaketi, na shuka ile aliyoifunua ikajivuta yenyewe polepole, ikamfunika magoti.

Alitoka akitambaa. Jioni hiyohiyo alimleta Yaye Ndoumbé, mganga wa Kilebu, kabila la pwani hiyo, mwanamke mfupi asiyependa salamu ndefu. Alimketisha Ngoné kwenye mkeka uani, akamwagia mchanga maji baridi na maziwa mgando.

"Ulichemsha nini hapa?"

Ngoné alimtazama mkwewe.

"Ukinificha, jini huyu atakukaba," mganga alisema.

"Kile... kile cha wanawake. Ambao waume zao wako mbali." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa nakisafisha tu."

Alingoja tusi. Yaye Dior aliangalia mikono yake mwenyewe.

"Baba yake Elimane alikaa Gabon mpaka mvi zikaniota," alisema kwa sauti ya chini. "Unadhani nilizaliwa mkwe?"

Ndipo kichwa cha Ngoné kikaanguka nyuma, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamume.

"Mgongo wangu umechunika. Huyu ni mke wangu mpaka upone, na ukipona ni mke wangu."

"Chukua mbuzi," mganga alisema.

"Sitaki mbuzi."

"Chukua ng'ombe."

"Nataka mtu. Nataka mkono wa kunipaka mafuta."

Miguu ya Ngoné ilianza kupiga mkeka, macho yakabaki meupe, shingo ikavimba kana kwamba mkono unapita ndani yake kushuka chini, na mganga alikuwa akimwaga maziwa na kupaza sauti na kusukuma kifua chake bila kumpata, hadi Yaye Dior alipopiga magoti, akashika kichwa cha mkaza mwanawe kwa mikono miwili.

"Mwache. Ana mume. Mimi sina. Njoo kwangu."

"Dior!" mganga alimkemea. "Jini huyu si wa ukoo wenu. Hana shukrani huyu!"

"Njoo," ajuza alirudia.

Ngoné alipumua. Alihisi uzito ukimtoka, ukavuka kwenda kwa mkwewe.

Alilala vizuri wiki ile. Alama zilififia, akaongea na Elimane mpaka salio likaisha. Yaye Dior hakutoka chumbani ila kuoga, akirudi amejifukiza uvumba, shanga zikilia kiunoni chini ya nguo zake za ujane.

Alasiri moja Ngoné alimpelekea chai. Kabla hajabisha alisikia kicheko ndani, chembamba, cha bibi harusi, kikikatishwa na mvumo mzito wa kuridhika. Mlango ukafunguliwa kidogo. Uso wa mkwewe ulikuwa umenawiri, mashavu yamejaa kama ya msichana, na macho yake yalimtazama Ngoné kwa chuki tupu ya mke mwenza.

"Rudi nayo," alisema. "Tumeshakunywa."