Kutu ya Kichwani

Kila alipotoka shule, Redio alipitia kibandani kwa babu yake, fundi wa kufuli, akaweka mkoba pembeni na kuanza kupanga funguo kulingana na meno yake. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, maana habari ikiingia sikioni mwake haikukaa. Jirani wa kwanza kukutana naye aliipata yote, na ya ziada kidogo.

Siku hizo kibanda kilikuwa kimepoa, kwa sababu babu alianza kusahau. Mteja aliacha kufuli la mlango, akirudi anamkuta babu amelifungua vipande vipande na hajui ni la nani. Mwingine alichongewa ufunguo usio wake. Wateja wakaanza kumkwepa, naye akajifanya haoni. Redio alikuwa akiona, na roho ilimuuma.

Ndipo muuzaji wa virutubisho akapita mtaani na begi lake. Alitoa chupa ya vidonge vya zambarau, akasema vinasafisha akili na kurudisha kumbukumbu. Babu alimtazama kwa jicho la pembeni, maana hakuwa mtu wa kupigwa changa la macho. Redio akaichukua chupa na kusoma maandishi yake.

"Babu, hivi vinazuia uoksidishaji," alisema. "Mwalimu wa sayansi ametufundisha. Oksijeni ikikutana na chuma chenye unyevu, chuma kinashika kutu. Huo ndio uoksidishaji."

"Kwa hiyo kichwa changu kimeshika kutu?"

"Nafikiri hivyo, babu."

Muuzaji akatikisa kichwa upesi kukubali. Babu akacheka. "Hapo sasa mmeongea lugha yangu. Kutu naijua tangu mama yako hajazaliwa." Akanunua chupa nzima.

Kesho yake asubuhi Redio alimwona babu akiirudisha kabatini pakiti ya dawa yake ya presha, aliyoandikiwa anywe kila siku, bila kutoa hata kidonge kimoja.

"Na hiyo je, babu?"

"Kufuli lenye kutu siliwekei mafuta ya aina mbili, bibie. Yanagandana, kufuli linakufa kabisa. Ngoja hivi vya zambarau vimalize kazi yake kwanza. Na mama yako asijue, atatupigia kelele mpaka jioni."

Redio alinyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Aliogopa kumchongea babu. Lakini pia alikuwa anajivuna, maana wazo la kutu lilikuwa lake, na babu alimwambia kila aliyepita kwamba mjukuu wake ni daktari. Kila asubuhi mama, ambaye alikuwa mshonaji, aliuliza akiwa kwenye cherehani yake, "Baba, umekunywa dawa?" Babu alijibu, "Nimekunywa," na kweli alikuwa amekunywa kitu. Redio alitazama chini.

Kusahau hakukupungua, ingawa babu alidai kichwa kimekuwa chepesi. Kisha asubuhi moja kikombe kikamponyoka. Alijaribu kusema kitu, maneno yakatoka yamevurugika, na upande mmoja wa uso wake ukalegea. Mama akaita majirani, wakamkimbiza hospitali.

"Ni kiharusi," daktari aliwaambia. "Presha yake iko juu sana. Dawa anakunywa vizuri?"

"Kila siku," mama akajibu. "Namuuliza mwenyewe."

Daktari akakunja uso. "Basi dawa hiyo imemshinda. Itabidi tumwandikie nyingine yenye nguvu zaidi."

Redio akasogea mbele ya daktari. Babu hawezi kusema, na yeye akinyamaza hakuna atakayejua.

"Hakuinywa," alisema. "Aliiacha, nami nilijua." Akaeleza habari ya vidonge vya zambarau, kutu na mafuta ya aina mbili, bila kuficha lake. Mama alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Redio aliona heri angegombezwa.

"Umeniepusha kukosea," daktari alisema. "Ungesema mapema..." Hakumalizia.

"Vile vidonge ni sumu?" Redio akauliza.

"Sidhani. Kilichomuumiza ni kuacha dawa yake. Uoksidishaji upo mwilini, hapo hukukosea, lakini ubongo si chuma na hauna kutu ya kukwangua. Vidonge vya namna hiyo vimefanyiwa majaribio, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vinamrudishia mtu kumbukumbu. Anayeanza kusahau aletwe apimwe. Huenda ni presha hiyo hiyo iliyokuwa ikimharibia mishipa midogo ya kichwani."

Babu alirudi nyumbani presha ikiwa imeshuka, lakini mkono wake wa kulia haukuamka, na kibanda kikapewa fundi mwingine. Redio akawa ndiye anayemlisha. Siku moja mama aliacha kushona, akaja kukaa karibu nao.

"Sikukasirishwa na kutojua kwako," alisema. "Hata mimi ningedanganywa na maneno yale ya kwenye chupa. Nilikasirika kwa sababu uliona, ukanyamaza. Mgonjwa akiacha dawa, hiyo si siri ya kutunza. Mwambie mkubwa, hata kama mgonjwa mwenyewe amekukataza, hata kama kosa ni lako. Na dawa ngeni tumuulize kwanza aliyesomea."

"Nimesikia, mama."

Mama akarudi kwenye cherehani. Redio akainua kijiko, babu akafungua mdomo nusu, na uji ukamchuruzika kidevuni. Akamfuta taratibu.

"Nisamehe, babu," alisema.

Babu alimtazama kwa muda mrefu, midomo ikihangaika kutafuta neno, na Redio akamsubiri mpaka uji ukapoa.