Sospeter Abaki Peke Yake

Sospeter na mdogo wake, Humphrey, waliishi pamoja miaka sita katika fleti moja mjini Euless, ughaibuni. Sospeter alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege. Humphrey alipika, Sospeter akaosha vyombo. Kwa kuwa Humphrey hakupenda moshi, Sospeter alivutia sigara nje, mbili tu kwa siku. Bia alikunywa Jumamosi.

Mwaka 2018 Humphrey alioa, akahamia Houston kwa mkewe.

Fleti ikawa kimya. Sospeter alitoka kazini saa tisa mchana, akakaa kwenye kochi. Alianza kuvutia sigara ndani, maana hakukuwa na wa kumkataza. Akawa anakunywa bia kila siku na kukohoa kila asubuhi. Kupika aliacha, ugali wa mtu mmoja aliuona kazi bure. Humphrey akipiga simu, alimjibu, "Niko salama, mdogo wangu."

Alasiri moja alisinzia na sigara mkononi. King'ora cha moshi kikalia. Jirani wa chini, Kerubo, nesi kutoka Kisii, alipanda ngazi mbio, akagonga mlango kwa nguvu. Sospeter aliamka akikohoa, akamfungulia. Kochi lilikuwa linafuka moshi. Walilimwagia maji mpaka likazimika.

Kerubo alikaa, akahema, akaona makopo ya bia sakafuni. "Ungeungua, ndugu yangu. Na sisi wa chini pia."

"Nisamehe, dada."

"Ulianza lini kunywa mchana?"

Sospeter alitazama sakafu. "Tangu Humphrey aondoke."

"Kuishi peke yako si kosa," Kerubo alisema. "Wengi wanaishi hivyo na wako sawa. Lakini upweke unaweza kumfanya mtu avute na anywe zaidi, na hakuna wa kuona sigara na bia zikiongezeka. Siku hizi unakunywa bia ngapi?"

"Niliacha kuhesabu."

"Basi muone daktari, umwambie ukweli wote. Kuna plasta ya nikotini. Unaibandika kwenye ngozi, hamu ya sigara inapungua. Pombe usiiache ghafla kabla hajakushauri. Mwili ukishaizoea, unaweza kusumbuka. Na jioni uje ule kwetu. Mume wangu, Elkana, hupika kama tuko watu kumi."

Siku hiyo hiyo Sospeter alimpigia Humphrey, akamweleza yote.

"Kaka, mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

Tangu hapo Humphrey alimpigia kila siku saa tisa, saa iliyokuwa ngumu kwake kuliko zote. Daktari alimpa plasta na mpango wa kupunguza pombe taratibu. Wiki ya tatu tangu aache, Sospeter alivuta sigara moja. Alimwambia Kerubo huku ameinamisha kichwa.

"Umeteleza tu," Kerubo alisema. "Kesho tunaendelea. Sasa kula, chakula kinapoa."

Pasaka ya 2019 Humphrey alikuja kumtembelea. Sospeter alikuwa na miezi minne bila sigara wala bia. Kikohozi kilikuwa kimekwisha.

"Hamia kwetu, kaka," Humphrey alisema. "Chumba kipo."

Sospeter alitabasamu. "Nitakuja kuwatembelea. Ila sasa vaa viatu, twende chini. Kina Kerubo hawaanzi kula mpaka nifike."