Hatua Nyuma ya Fundi Saa

Walikutana kwenye foleni ya kupima presha na sukari, kituo cha afya kimefurika watu. Fundi saa alikuwa anamalizia soda pale mwanamke wa sketi ya buluu na raba nyeupe alipomnyang'anya chupa.

"Kaka, umekuja kupima sukari au kuiongeza?"

Fundi akacheka hadi kitambi kikatikisika. Kumbe yule alikuwa mwalimu wa darasa la afya la watu wazima: mboga nusu sahani, chumvi kidogo, kutembea nusu saa kila siku. Fundi, aliyefiwa na mkewe, akajiandikisha siku hiyo hiyo. Mwezi wa tatu mkanda ulikuwa umerudi matundu mawili, mapenzi yameota, na mwalimu alikuwa akimpigia simu kila asubuhi.

"Umeamka, mpenzi?"

"Niko barabarani, mwalimu wangu. Nimekunywa uji usio na sukari, uso bado umekunjamana."

Ghafla simu zikakoma. Fundi akamfuata darasani, wanafunzi wameshatoka.

"Nimekukosea nini?"

"Yule mwanamke unayetembea naye ni nani? Nimewaona mara tatu. Gauni la kijani, kilemba cheupe, hatua mbili nyuma yako."

"Natembea peke yangu."

"Usinifanye mtoto!"

Fundi akatoa picha kwenye pochi. Mwalimu akaisogeza karibu na macho. Gauni la kijani. Kilemba cheupe.

"Marehemu mke wangu," fundi alisema. "Presha ndiyo iliyomchukua. Alinibembeleza tuwe tunatembea pamoja. Kila siku nilimwambia kesho."

Asubuhi iliyofuata walitoka wote wawili. Jua lilikuwa limeshapanda, barabara nyeupe, haina mtu. Mara nyuma yao zikaanza hatua za ndala, taratibu. Fundi akataka kukimbia. Mwalimu akamshika mkono.

"Usigeuke. Ongea naye."

Fundi akakaza macho mbele. "Mke wangu... nisamehe. Nimechelewa, lakini sasa natembea."

Hatua zikasogea, zikawa sambamba naye. Ubaridi ukampapasa bega. Kisha zikawapita, zikaenda mbele kwa haraka, zikapotea, na mbele yao hapakuonekana mtu.

Fundi alilia palepale barabarani, bila aibu. Mwalimu alimfuta machozi kwa kiganja.

"Nije lini kwenu kujitambulisha?" fundi aliuliza.

"Jumapili. Na uje kwa miguu."