Ukuta wa Jerry

Jumamosi hiyo duka la rangi la Umesh, karibu na soko la Nakuru, lilikuwa limejaa mafundi. Falguni, mpwa wake aliyetoka Mwanza miezi minane iliyopita kuja kumsaidia, alisimama kwenye kaunta, mkono wa kameezi, vazi lake refu la kijani, umelowa rangi. Kijana mrefu mwenye buti za vumbi akajipenyeza mbele, akataka kahawia.

"Kahawia ipi, kaka?"

"Ya ngozi ya mtu. Na usiniite kaka, utatuharibia mambo ya mbele."

Mafundi wakacheka. Falguni hakucheka, lakini alichanganya mara tatu, akipaka tone kwenye kifuniko kila mara, mpaka kijana akaligusa tone moja kwa kidole, akasema ndiyo hiyo. Jina lake Odongo. Jioni akampigia simu. Wiki ya pili alikuwa anamwita mpenzi, na mjomba Umesh anajifanya hasikii.

Kwao Mwanza, kuta alizozijua Falguni zilitangaza sabuni na soda. Kwa hiyo alipopita nyuma ya stesheni ya reli alisimama: uso wa kijana, mkubwa kama lori, kahawia ile ile aliyoichanganya mwenyewe. Chini yake: ALITUMWA MAZIWA. NANI ALIPIGA RISASI?

Odongo hakumficha. Huyo ni Jerry, mdogo wake, aliyeuawa siku ya maandamano, pakiti ya maziwa mkononi. Mama yao hupita hapo kila asubuhi kumsalimia.

Mwezi haukuisha. Wanaume wawili, askari waliovaa kiraia, wakaja dukani wakitaka nyeupe ya kufuta ukuta wa stesheni, wakauliza mchoraji ni nani. Falguni akasema hajui, akawauzia ndoo mbili. Kesho yake Odongo akapiga simu.

"Ukuta umefutwa. Ni wewe uliwauzia?"

"Ni mimi. Lakini sikiliza—"

Simu ikakatwa. Siku hiyo hiyo Odongo akavuka mpaka wa Busia kuingia Uganda, maana wale wanaume walishafika kwa mama yake wakimuulizia. Siku tisa namba yake haikupatikana.

Siku ya kumi ilinyesha mvua kubwa. Asubuhi iliyofuata Odongo akapiga.

"Mathe kapita pale stesheni, anasema Jerry amerudi."

"Niliwauzia chokaa, mvua huiosha. Wewe nilikuuzia rangi ya mafuta. Ungenisikiliza ungejua."

Odongo akaomba msamaha. Akasema hawezi kurudi tena. Falguni amfuate Kampala wafunge ndoa, mjomba akubali asikubali.

Falguni akajifuta macho kwa mkono wenye rangi. Ng'ambo ya barabara, wale wanaume wawili walikuwa wanavuka kuja dukani.

"Siwezi, mpenzi," akasema. "Nikija huko, hawa watauziwa rangi ya kweli."

Akaweka simu chini, akawakaribisha.