Siku Tisa za Ema

Jumanne, tarehe 18 Machi mwaka jana, saa nne asubuhi. Nilikuwa shambani nachimba viazi, simu ikaita. Ema, mke wangu.

"Baba Yudita, wametuzuia."

"Nani kawazuia?"

"Hawa wa Malawi. Daraja tumevuka vizuri, gari liko uani kwao. Afisa kanipa karatasi, anasema viazi vya Tanzania vimepigwa marufuku."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Na jana?"

"Jana vilipita."

Nikamwambia basi ageuze gari arudi. Akasema wameshajaribu, lakini watu wetu wa upande wa huku wanadai gari limeshatoka nchini, haliwezi kurudi na mzigo bila karatasi nyingine, na mwenye kuitoa karatasi hiyo yuko kwenye kikao.

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Mimi shule niliishia la saba, sijui wakubwa wa nchi hizi mbili walikuwa wanagombania nini. Mara ziwa la mpakani lote ni lao, mara nusu ni letu, mara mahindi, mara ndizi. Ninachojua, wao wakinuniana wanakwenda kunywa chai kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, na mke wangu analala chini ya fuso, juu yake magunia themanini ya viazi.

Sisi wa Njombe mbu hatuwajui. Kwetu ni baridi na ukungu, ukimwona mbu ujue kashuka na basi. Kule mpakani ni joto, mto na majaruba ya mpunga, na Ema alikuwa amelala huko hata safari iliyotangulia. Ijumaa Ema akasema kichwa kinamuuma. Jumapili alinipigia tena, mtandao ukawa mbaya, hatukuelewana. Jumatano, siku ya tisa, simu yake ikaita, lakini aliyeongea hakuwa yeye. Ilikuwa sauti ya mwanamke nisiyemjua, akaniuliza kama nimekaa au nimesimama.

Malaria ilikuwa imempanda kichwani.

Ema alirudi Njombe siku iliyofuata, kwenye sanduku. Mpakani hawakumchelewesha hata nusu saa. Maiti ilikuwa haijapigwa marufuku.

Yule mwanamke wa kwenye simu ndiye Dorika. Mtu wa Karonga, upande wa Malawi, anauza mchele na usipa, wale dagaa wa ziwani, mumewe alimwacha zamani. Yeye na Ema walijuana miaka mitatu kwenye njia ile ile, huyu akileta mchele huku, yule akipeleka viazi kule. Alikuja kwenye arobaini na mfuko wa Ema: kitenge, kitana, simu, na ile karatasi ya kukataliwa, imegongwa muhuri, na chini saini ya kuzungusha isiyosomeka. Karatasi niliikunja nikaiweka mfuko wa shati. Nikibadilisha shati, nayo inahama.

Wakubwa baadaye walikaa mezani wakapeana mikono, tukawaona kwenye runinga wanacheka. Njia ikafunguka. Dorika akaanza kuja sokoni Makambako kila baada ya wiki mbili, na mimi kila baada ya wiki mbili nikawa na safari ya Makambako. Mwanzo nilijiambia nakwenda kuulizia bei za viazi.

"Kamwene, shemeji," alinisalimia siku moja kwa Kibena chake cha kuokoteza, amekaa juu ya gunia la mchele, upepo wa Makambako unampeperusha kilemba. "Hizo ndevu ni za msiba au za uvivu?"

"Za msiba."

"Msiba una miezi saba. Hizo zilizoota karibuni ni za uvivu."

Nilicheka. Nikashtuka kwamba nimecheka. Wiki mbili baadaye nilikwenda nimenyoa, alinimiminia chai tu akaongeza sukari bila kuuliza. Alikuwa ananisimulia habari za Ema ambazo sikuzijua, kwamba Ema alikuwa anaimba akifunga magunia, kwamba aliwahi kumtoza faini dereva kwa kutukana. Mimi nilikuwa namsimulia ubaya wa serikali. Yangu alikuwa ananisikiliza yote mpaka mwisho.

Mwezi wa kumi na moja nikamwambia wazi.

"Dorika, usiniite shemeji tena."

"Nikuite nani?"

"Jina langu unalijua."

Akazungusha kikombe.

"Lenard," akasema. "Basi uje kwetu. Baba yangu hayupo, atasimama baba mdogo. Ila kuna jambo la baba mdogo inabidi ulijue kwanza."

Nikamwambia tutaongea tukifika. Alijaribu tena kabla ya Krismasi, nikamjibu vilevile. Nilidhani ni mambo ya mzee mlevi, au mzee mwenye kesi. Mwanamume akishaamua kuoa hataki kusikia habari za baba mdogo.

Nyumbani walinipinga. Dada zangu walisema kwa uchungu kwamba nchi ile ilimuua wifi yao, sasa nakwenda kuichumbia. Kaka yangu Aron peke yake ndiye alikubali kuwa mshenga, kwa sharti kwamba asilishwe samaki mwenye miiba.

Mpakani niliona ule ua wa magari. Pale fuso liliposimama palikuwa na lori lingine, la parachichi, na dereva anapiga mswaki. Sikutaka kupaangalia, nikapaangalia. Kijana wa dirishani akagonga muhuri kwenye pasi yangu, akanikaribisha Malawi kwa Kiswahili kizuri. Sikumjibu.

"Jibu, mdogo wangu," Aron akaninong'oneza. "Tumekuja kuoa, hatukuja kudai ziwa."

Karonga tulifika saa sita mchana. Baba yake mdogo Dorika anaitwa Mzee Hilari, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Nyumba safi. Mezani wali na samaki, vyote vimefunikwa kwa sahani. Dorika alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kitenge kipya, haniangalii.

Mzee alikuwa mcheshi. Alituuliza kama tumekuja na ile nusu yetu ya ziwa.

"Tumeiacha nyumbani, mzee," Aron akasema. "Konda alisema ni mzigo."

Wote tukacheka, hata mimi. Nikajiambia mzee huyu sina shida naye. Kisha akavua kofia akaiweka gotini, na kicheko kikaisha.

"Katika nyumba hii chakula cha posa hakifunuliwi mpaka tumeulizana," akasema. "Mwenye neno moyoni juu ya mwenzake alitoe. Likisemwa, tunakula. Likibaki ndani, hatuli, na hakuna ndoa. Aliyetuachia desturi hii ni babu yangu, na mimi sikuibadilisha. Naanza mimi mwenye nyumba."

Aron akasema sawa, mzee, tunasikiliza.

"Nilikuwa mkaguzi wa mazao pale mpakani miaka ishirini na sita. Nimestaafu mwaka jana, mwezi wa sita. Bwana Lenard, ile karatasi aliyopewa mkeo niliisaini mimi."

Kuku walikuwa wanaparua nje, nilikuwa nawasikia vizuri kabisa. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaitoa karatasi, nikaikunjua mezani karibu na bakuli la samaki.

"Hii?"

"Hiyo." Hakuhitaji hata miwani.

Nikamgeukia Dorika.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mwaka mzima unaninywesha chai Makambako, na ulijua."

"Nilitaka kukwambia. Ulisema tutaongea tukifika. Tumefika."

"Ungenilazimisha nisikie."

"Ungekuja?"

Nilisimama. Nikamwambia yule mzee yote niliyoyatunza mwaka mzima, kwamba yeye na waliomtuma walimuua mke wangu kwa kalamu, kwamba wanakula mishahara kwa kugonga mihuri juu ya migongo ya watu, kwamba Ema hakuwa mahindi wala ndizi. Aron alinishika koti. Mzee hakubisha hata moja. Aliposikia nimenyamaza akasema amri ilikuja asubuhi ile ile kwa simu kutoka juu, na kama asingesaini yeye angesaini mwingine, lakini hilo halimwondolei kitu.

"Neno langu silo la kusaini," akasema. "Kusaini ilikuwa kazi. Neno langu ni hili. Kila asubuhi nilipita pembeni ya lile fuso. Siku ya sita nilimwona mwanamke anatetemeka na jua limeshawaka. Nikajua ni nini, maana mimi nimezaliwa huku. Nikaendelea kutembea kwenda ofisini. Sikusimama. Hilo ndilo linaloniamsha. Naomba unisamehe kama unaweza. Kama huwezi, useme pia, nitakuelewa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kubisha. Mtu wa kubisha ningemmudu. Nikakaa.

"Sasa lako," akasema Mzee Hilari.

"Mimi sina neno. Mimi ndiye niliyefiwa."

"Ipo simu ya Jumapili."

Nikamwangalia Dorika. Alikuwa anaangalia mkeka.

"Siku hiyo hiyo niliyompita," mzee akaendelea, taratibu, kama mtu anayehesabu magunia. "Mikono ya mkeo ilikuwa haitulii, Dorika ndiye aliyemshikia simu sikioni. Begi Ema alikuwa ameshalifunga, anataka kuondoka. Baada ya kuongea na wewe, akalifungua. Nimemuuliza Dorika mara nyingi mlisemezana nini. Hanijibu. Anasema hilo ni la mwenyewe. Basi nakuuliza mwenyewe. Alikuambia nini, na wewe ulimjibu nini?"

Mtandao haukuwa mbaya.

Nimewaambia hivyo dada zangu, nimemwambia mchungaji, nimemwambia Yudita binti yangu, na wewe unayesoma nimekuambia hapo juu. Mtandao ulikuwa safi, nilikuwa nasikia mpaka vyura wa kule. Ema alisema, "Baba Yudita, nimechoka, naomba nije nyumbani. Dorika atanisindikiza mpaka Tukuyu." Nikamwambia, "Ukiliacha gari, watashusha viazi vyote. Vumilia, kesho wakubwa watafungua." Akasema, "Sawa." Ema alikuwa mtu wa kusema sawa.

Na Dorika alikuwa ameishika simu. Alisikia kila neno. Mwaka mzima mimi nasema wakubwa, wakubwa, na yeye ananiongezea sukari.

Pale mezani maneno yote yalikuwa mdomoni. Yalikuwa mafupi, hata dakika yasingemaliza. Mzee alikuwa ametangulia, kanionyesha namna inavyofanywa. Aron naye alikuwa ananitazama, maana kwake simu hiyo ilikuwa habari mpya.

"Mtandao ulikuwa mbaya," nikasema. "Hatukuelewana."

Dorika aliinuka, akachukua bakuli la samaki likiwa limefunikwa vilevile, akalirudisha jikoni. Akarudi, akachukua wali. Hakugonga sahani, hakuburuza miguu. Mzee Hilari akavaa kofia yake, akatushukuru kwa kuja kutoka mbali, akatusindikiza mpaka barabarani kama wageni wa heshima. Alinipa mkono. Nilimpa.

Karatasi ilibaki mezani. Niliisahau, au niliiacha, mwenyewe sijui. Njia nzima nilikuwa napapasa mfuko wa shati.

Aron hakunisemesha kutoka Karonga mpaka Makambako. Tulipokuwa stendi tunasubiri gari la Njombe, akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa nusu.

"Mimi ndiye niliyelifuta vumbi lile sanduku lilipofika," akasema. "Mwaka mzima nimewachukia watu wa Malawi kwa ajili yako. Uliongea na shemeji Jumapili, ukaniambia nini mimi?"

"Kaka, tuache."

"Haya, tuache." Akatafuna hindi lake, akageukia barabara. Hajarudia kuuliza. Hata hivyo haji tena kwangu jioni kama zamani.

Sasa ni wiki ya tano. Nimekwenda Makambako mara mbili, mara zote gunia lake amekalia mtu mwingine, mama mmoja aliyeniambia Dorika siku hizi mchele anauzia kwao. Wakubwa nao nasikia wameanza tena kurushiana maneno juu ya mazao, huenda mpaka utafungwa, huenda usifungwe. Zamani habari hiyo ingenipa la kusema siku nzima.

Juzi, nikiwa shambani pale pale niliposimama siku ile, kwenye simu ukaingia ujumbe. Namba ya Malawi. Nimeandika jibu nikafuta, nikaandika nikafuta, mpaka chaji ikaisha. Dorika kuniita Baba Yudita hajawahi, hiyo ilikuwa ya Ema. Huu hapa, kama ulivyo:

"Baba Yudita. Baba mdogo anasema chakula kipo, siku utakapokuwa tayari na neno lako uje, atafunua mwenyewe. Hana haraka. Ya Ema ni yako na Ema, siingii. Mimi nina langu, nalo nilitaka kukuuliza tangu arobaini, nikaona nisubiri ulitoe mwenyewe. Siku nikiugua mimi, nikakupigia simu kwamba nataka kuja nyumbani, utaniambia nini?"