Kitufe Kilichopewa Maneno

Pumzi zilikuwa mbili. Fundi sauti alirudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena, akakuna kichwa.

"Dada, hapa mwishoni umevuta pumzi mara mbili?"

"Kwa mapafu yapi? Haya yenyewe mabovu," Mama Kidoti akamjibu kutoka ndani ya kibanda cha kurekodia, na wote wakacheka.

Kazi yake ilikuwa kuigiza kwa sauti. Siku zile alimsemea kijana wa upanga kwenye anime, katuni ya Kijapani, iliyotokana na Panga Tisa, lile gemu la mapigano ambalo watoto wameling'ang'ania toleo baada ya toleo mpaka vidole vimeota sugu. Mwanamke mzima, lakini akifungua kinywa unaapa ni mvulana wa miaka kumi na mbili anayetafuta ugomvi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye gemu, kijana akizidiwa, mchezaji anabonyeza kitufe, jini linamwingia, anashinda. Kimya kimya, hakuna aliyemwita mtu. Lakini kitufe hakina mdomo, na katuni inataka maneno. Waandishi wakamwandikia: "Uliye nje, ingia. Kilicho changu ni chako." Wakaandika, wakaenda zao kulala. Wa kuyatamka alikuwa Mama Kidoti, tena si mara moja, maana lazima maneno yakae sawasawa na midomo ya mchoro kwenye skrini.

"Umechelewa kidogo. Tena," muongozaji alikuwa akisema.

"Uliye nje, ingia. Kilicho changu ni chako."

"Umewahi. Tena. Na nataka machozi."

Waigizaji wana ujanja wao wa kupata machozi. Mama Kidoti alifumba macho akamfikiria mwanawe wa pekee, Kidoti, mtoto wa miaka sita, namna angelia kama angempoteza. Machozi yakaja. Akaita asubuhi nzima, kwa moyo wote, huku amemweka mtoto mbele ya macho yake. Ndipo fundi aliposikia ile pumzi ya pili, na kibanda kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Aliporudi nyumbani, mama yake mzazi alimpokea mlangoni, kidole mdomoni.

"Mwanao hajala tangu asubuhi," bibi alinong'ona. "Amekaa anatazama ukuta. Na ananguruma."

"Ananguruma vipi, mama?"

"Nenda kasikilize mwenyewe. Mimi sirudi humo."

Kidoti alikuwa chini, mgongo wima, akitoa miguno ya mtu anayepigana: huh, hah, pumzi, huh. Miguno ya kijana wa upanga. Kisha akatamka maneno ya pambano la mwisho, ambalo Mama Kidoti hakuwa amelirekodi bado, na karatasi zake zilikuwa ndani ya mkoba uliofungwa begani kwake.

Hospitali walipima, hawakuona kitu. Mtoto akaendelea kukonda, mikono ikabaki mifupa, na kila mama alipoinama kumfunika alisikia pumzi mbili zikipishana ndani ya kifua kimoja, ya mtoto ikipungua, ya yule mwingine ikipanda, nzito, yenye joto na ile harufu ya nywele, mpaka akawa anakaa macho ameziba pua na kanga akihesabu ipi ni ya mwanawe na kuomba isikatike. Aliogopa. Aliogopa hata kumbusu.

Bibi ndiye aliyemleta mganga, mama wa makamo ambaye siku zote hushona nguo, na siku hiyo alikuja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimtazama mtoto, akasimuliwa ya kibandani na maneno yale yote, akamgeukia mama.

"Ulipokuwa unaliita, ulikuwa unamfikiria nani?"

"Huyu," Mama Kidoti akasema. "Nilitaka machozi tu, mama yangu."

"Ulisema kilicho changu ni chako, na huyu umemkumbatia moyoni! Ulitegemea lichukue nini, kabati?"

Mganga akafunga mlango, akashika paji la uso la mtoto, akaliamuru jini litoke. Midomo ya Kidoti ikafunguka, ikatoka sauti ya mtu mzima, tulivu, yenye adabu.

"Nimekaribishwa. Niliitwa mpaka nikaona haya kukataa. Nitokeje mikono mitupu? Mama anipe sauti yake, nimwachie mtoto."

"Usimjibu," mganga akanong'ona haraka. "Hawa ni walaghai. Nipe muda, nitalitoa bure."

Lakini midomo ya Kidoti ilikuwa inageuka bluu, na ile pumzi ndogo ikasita.

"Chukua!" Mama Kidoti akapiga kelele.

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Kidoti akakohoa, akafumbua macho, akaomba chakula. Mama akamkumbatia, akalia bila mlio wowote, na wallahi hakujuta. Mganga hakusema hongera. Alikusanya vitu vyake akawaambia wamchunge mtoto.

Siku chache zikapita, bibi akawaarifu wa studio kwamba bintiye amepoteza sauti, Kidoti akanenepa, nyumba ikacheka. Mchana mmoja bibi alitoka kununua sabuni, mtoto akalazwa chumbani, mama akapanda darini kuanika nguo. Simu ikalia. Alikuwa fundi sauti, akinong'ona.

"Dada, uko nyumbani? Kama uko nyumbani, gonga simu."

Akagonga.

"Basi aliye kibandani ni nani? Tangu asubuhi tunarekodi sauti yako. Kibanda ni giza, tukadhani umepona umewahi kuingia. Muongozaji amefurahi, kila kipande kinakubali mara moja. Sasa nimezima mitambo yote, dada, na bado inasema. Wala si maneno ya katuni. Inabembeleza. Inasema, Kidoti, amka mwanangu, mama yuko mlangoni, nifungulie."

Nguo zikamdondoka. Aliufungua mdomo wote, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kumwambia mwanawe asiitike, asisogee, asifungue. Ukatoka upepo tu.

Chini, miguu midogo ikagusa sakafu.

"Nakuja, mama," Kidoti akasema kwa furaha, na komeo la mlango wa nyuma likavutwa.